Vifua Vilivyoanikwa Kambani

Jina lake la cheti lilikuwa refu na zuri, lakini tangu safari ile hakulitumia mtu isipokuwa mama yake, na mama mwenyewe mpaka akasirike. Wengine wote walimwita Vuta Pumzi. Hakuchukia. Jina ulilolichuma kwa jasho lako, utalichukiaje?

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka chuoni mwezi uleule, fundi wa kupiga picha za eksrei asiye na pa kuzipigia. Nyumbani kwao palikuwa na chumba cha mbele chenye cherehani ya mama, kioo cha wateja, na vitambaa vilivyofika hadi kwenye kingo za madirisha. Mama alikuwa mshonaji. Kila mteja aliyeingia kupimwa kiuno alitoka anajua kwamba binti wa mshonaji amesomea mashine inayoona mifupa. Sifa zilikuwa nyingi, kazi hakuna. Mwishowe shangazi yake, mwanamke asiyepitwa na tangazo lolote lililobandikwa ukutani, alikuja mbio akihema na karatasi mkononi.

"Wanatafuta vijana wawili wa eksrei. Miezi mitatu. Safari tupu, mwanangu! Utaiona nchi mpaka uichoke."

Kampuni hiyo ya afya ilikuwa na lori kubwa jeupe. Ndani ya bodi lake mlikuwa na mashine ya eksrei, jenereta, na kijumba cha giza cha kusafishia picha, chembamba hata ukijikuna kiwiko unagonga ukuta. Wenye migodi, machimbo na viwanda waliikodi kampuni ikawapige picha za kifua wafanyakazi wao, mara moja kwa mwaka, kama sheria ilivyotaka. Ubavuni mwa lori paliandikwa kwa herufi za bluu: AFYA YAKO KWANZA.

"Maandishi hayo hupakwa rangi upya kila mwaka," dereva alimwambia siku ya kwanza. "Breki ndizo huambiwa zisubiri."

Ndiyo maana dereva aliitwa Mzee Breki. Hakuwa mtu wa maneno. Kabla ya kuondoka alizikanyaga breki mara saba, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari asiyeridhika na mgonjwa, kisha akawasha gari. Lori lile alikuwa ameliendesha miaka tisa.

Kijana wa pili alikuwa mwanafunzi mwenzake wa darasa moja. Chuoni alikuwa wa kwanza, Vuta Pumzi wa tatu, na wa pili alikuwa ameshaolewa na mume hataki safari. Kijana huyo alikuwa na mashati matatu meupe, na kila alipolala aliyatandika chini ya godoro ili yaamke yamenyooka. Vumbi likiwa jekundu, likiwa jeusi, yeye kola yake ilikuwa imesimama. Mzee Breki akamwita Kola, na mambo yakaishia hapo.

Majuma ya kwanza yalikuwa raha mustarehe. Vuta Pumzi hakuwahi kutoka katika mji wao, na sasa dirisha la lori lilimwonyesha nchi nzima kama mtu anayefunua kitabu cha picha ukurasa baada ya ukurasa. Mito aliyoisoma shuleni ikawa na maji kweli. Walikwama kwenye tope, wakasukumwa na timu nzima ya mpira iliyokuwa ikienda kucheza. Kola alipoteza kiatu kimoja humo, akalazimika kuvaa ndala za Mzee Breki zilizomzidi kwa vidole vitatu. Waliimba nyimbo wasizojua maneno yake. Walibishana nani apike chai, na kwa kuwa chai ya Kola ilikuwa na ladha ya sabuni, bishano lilikwisha lenyewe.

Kazi nayo ilikuwa nyepesi. Walianza na kinu cha unga, wakaenda kiwanda cha nguo, kisha machimbo ya mawe. Kola aliandika namba na kusafisha picha kwa zamu na mwenzake. Watu walipanga foleni, wakavua shati, wakabandika kifua kwenye ubao baridi, na Vuta Pumzi kutoka nyuma ya kizuizi akasema kwa sauti ileile: "Vuta pumzi. Ishikilie. Usitikisike... Haya, pumua." Mara mia mbili kwa siku. Vibarua wa kiwanda cha nguo wakaanza kumpigia kelele anapopita kwenda kunywa maji: "Vuta Pumzi huyo!" Jina likapanda lori, likasafiri naye.

Kulikuwa na neno jingine alilolisema mara mia mbili kwa siku, lakini hilo halikumpa jina. Mtu akivaa shati lake na kuuliza, "Umeona nini, dada?" alijibu kama alivyoelekezwa: "Utajulishwa." Kila picha iliingia kwenye bahasha yenye namba, bahasha ikaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Masanduku yalipelekwa makao makuu, daktari wa kampuni akasoma, kisha barua ikaandikwa kwa mwajiri. Mwajiri ndiye angemjulisha mtu wake. Mpango mzuri, nani angeutilia shaka? Hata dukani hujulishwi bei na mchukuzi wa magunia.

Katika machimbo yale ya kwanza aliingia mtoboa miamba mmoja, bwana mwembamba mwenye meno meupe na nywele zilizojaa vumbi la mawe, akaonekana kama mzee aliyecheka akarudi ujana. Wenzake walimwita Baba Pacha.

"Dada," alisema huku amekumbatia ubao, "ukiwaona pacha wangu humo ndani niambie. Wamenimaliza nguvu wale, lazima mmoja wao kaingia kifuani."

"Vuta pumzi," alisema Vuta Pumzi, akizuia kicheko.

"Naivuta, haitaki kuja yote."

Watu walicheka. Naye alicheka. Baadaye, kwenye kijumba cha giza, aliinua picha yake ikidondosha maji, akamwita Kola. "Hebu tazama ubavu huu." Ubavu wa saba wa kulia ulikuwa umewahi kuvunjika ukaunga vibaya, umejikunja kama mkono wa kikombe. Hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Na nyuma ya ubavu, mapafu yote mawili juu yalikuwa na chembechembe nyeupe, kama mtu aliyemwaga chenga za mchele kwenye kitambaa cheusi.

"Daktari ataona," alisema Kola.

"Daktari ataona," alikubali yeye. Wakaitia kwenye bahasha, wakaendelea na safari.

Majuma matano yakapita. Kituo cha nane kilikuwa machimbo mengine ya mawe, safari ya siku mbili kutoka yale ya kwanza, yenye mwenyewe mwingine na vumbi lilelile. Siku hiyo Kola ndiye aliyekuwa akipiga, na Vuta Pumzi alikuwa ndani ya giza akisafisha. Picha ya arobaini na kitu iliinuka kutoka kwenye dawa, ikaanza kujichora polepole chini ya taa nyekundu. Bega. Mtulinga. Mbavu moja moja.

Ubavu wa saba wa kulia ulikuwa mkono wa kikombe.

Alitazama namba kwenye kona ya picha, akatazama daftari: jina lilikuwa la mtu mwingine kabisa, mwenye umri mwingine. Lakini uso unaweza kuufananisha na wa mwingine. Ubavu ule haukuwa na ndugu duniani. Na zile chenga za mchele zilikuwa zimeongezeka. Tena sasa pembeni palikuwa na wingu ambalo awali halikuwapo. Akatoka nje mikono ikimdondoka maji, akapepesa macho kwa jua, akamwona amekaa juu ya jiwe akifunga vifungo vya shati.

"Baba Pacha?"

Yule bwana aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akamshika mkono, akamvuta nyuma ya lori. "Dada, nakuomba, usinichome. Kadi hii ni ya shemeji yangu. Huku wanataka mtu mwenye kadi."

"Kwani kule uliondokaje?"

"Tuliondolewa. Mlipopita nyinyi, majuma mawili baadaye, barua zikaja. Watu kumi na wanane. 'Kazi imepungua.' Kazi yenyewe haijapungua, maana kesho yake waliajiri wengine kumi na wanane." Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, akasubiri kipite. "Mambo ya bahati mbaya tu. Ila ajabu yake, wote tulikuwa wale wakohozi. Tulitaniana kwamba meneja amechoka na kelele."

Vuta Pumzi aliifuta mikono yenye maji kwenye nguo yake. "Na kuhusu picha, walikuambia nini?"

"Picha?" Baba Pacha alishangaa. "Hawakusema kitu. Nikajua imetoka nzuri. Kimya ni dalili njema, au siyo?"

Hapo ndipo jambo lilipomwingia, si kwa kishindo, bali kama maji yanavyopenya kwenye kiatu: unajiona mkavu, unajiona mkavu, mara umelowa. Barua za daktari zilifika kweli. Zilisomwa kweli. Na mwajiri, badala ya kumwambia mtu wake kwamba mawe yamemwingia kifuani, alimtoa mlangoni kabla hajaanguka ndani ya uzio. Na aliyewachagua wale kumi na wanane, mmoja mmoja, kwa sauti yake nzuri ya kuvuta pumzi na kuishikilia, alikuwa yeye.

Alimwendea Mzee Breki, aliyekuwa amechuchumaa akipima upepo wa magurudumu kwa kugonga na nyundo.

"Mzee, wewe ulijua?"

Mzee hakuuliza nini. Aligonga gurudumu moja, akagonga la pili. "Mwaka wangu wa pili nilimuuliza daktari mkuu: hawa watu tunaowapiga, mbona nikirudi mwaka unaofuata siwakuti? Akaniambia, dereva, wewe tazama barabara." Akainuka kwa kushika kiuno. "Nimeitazama, mwanangu. Miaka tisa. Barabara naijua vizuri sana."

Kola alipoambiwa alikuwa akila mkate, akauweka chini. Alikuwa kijana mwema, lakini wema wake uliishi ndani ya kanuni kama yai ndani ya ganda.

"Sisi hatufukuzi mtu," alisema. "Sisi tunapiga picha."

"Mchinja kuku naye husema anapitisha kisu tu."

"Mkataba unasema hatusomi picha mbele ya mgonjwa. Na sisi si madaktari, dada. Tukimwambia mtu ana kitu, kumbe hana?"

"Na huyu aliye nacho, akaenda machimbo mengine kukiongeza?"

"Tungoje turudi makao makuu. Tuandike barua."

"Tuiandikie nani? Yule anayetazamisha watu barabara?"

Kola aliuokota mkate wake. Hata kola yake ilionekana imelegea kidogo. Vuta Pumzi hakungoja akate kauli. Aliichukua picha ya Baba Pacha ikiwa bado na unyevu, akamfuata mwenyewe kwenye kivuli cha lundo la kokoto, akainua picha kuelekea jua.

"Mimi si daktari," alianza. "Lakini weusi huu ni hewa, ndivyo inavyotakiwa. Hivi vyeupe ni makovu ya vumbi la mawe. Na hapa pembeni pana kitu kipya, kinaweza kuwa kifua kikuu. Hicho kinatibika, ukiwahi. Picha hii ni yako. Ipeleke hospitali ya serikali, kesho, usingoje."

Baba Pacha aliisogelea picha. Akanyoosha kidole, akaugusa ubavu wake uliopinda, kama mtu anayemsalimu rafiki wa zamani.

"Miaka kumi na moja," alisema, "nilidhani nauvunja mlima. Kumbe naumeza."

Asubuhi yake, Mzee Breki aliingia ndani ya lori na uso wa mtu aliyefiwa. "Kikaushio kimekufa," alitangaza. Kikaushio kilikuwa kisanduku cha umeme cha kukaushia picha kabla ya kuzitia kwenye bahasha, na jana yake kilikuwa kizima kama kigori.

"Kimekufaje?" aliuliza Kola.

"Nani ajuaye ya Mungu?" alisema mzee, mkono mmoja mfukoni. Kwa mkono mwingine aliwapa bunda la kamba ya katani na vibanio vya nguo. "Itabidi mwanike nje. Juani. Kanuni haisemi msianike."

Kola aliutazama mfuko wa mzee, mahali ncha ya waya mwekundu ilipochungulia. Kisha akaichukua kamba akaenda kuifunga, ncha moja kwenye kioo cha pembeni cha lori, ncha nyingine kwenye mlingoti wa taa, akapima kwa macho kama iko sawa, maana hata katika uasi mtu wa kwanza darasani hataki kamba iliyolegea.

Ilipofika saa nne, vifua ishirini vilikuwa vimening'inia kwenye kamba vikipigwa na jua. Wa kwanza kusogea alikuwa mama mmoja mponda kokoto, mtu mzima, mikono kama nyundo anayoishika. Alizunguka kamba kama anayechagua khanga.

"Changu kipi hapa?"

Vuta Pumzi akamwonyesha.

"Hiki? Mbona chembamba hivi! Na unene wangu wote umekwenda wapi?" Wenzake wakaja, wakaangua vicheko. Mmoja aliona moyo wake akalalamika kwamba ni mdogo, akaambiwa na mwenziwe ndiyo maana hajawahi kukopesha mtu chumvi. Kijana mmoja aliomba apewe picha ampelekee mchumba wake, ili asiseme tena kwamba hana kitu kifuani. Ilikuwa kama soko. Kisha yule mama mponda kokoto akamgeukia Kola.

"Mwanangu, wewe mwenye kola. Unaonekana umesoma. Hapa pana nini?" Akaweka kidole chake kilichopasuka juu ya mawingu mawili meupe.

Vuta Pumzi alishika pumzi, tena bila kuambiwa. Kola alitazama picha. Alikuwa ndiye bora wao wote katika kusoma vifua. Mwalimu alimwita mbele kila mara. Ungeweza kuona kanuni na ukweli vikivutana usoni pake kama watu wawili kwenye blanketi moja.

"Mama," alisema, "kuna makovu. Ya vumbi. Hayatoki. Lakini yanaweza kuzuiwa yasiongezeke, mawe yakimwagiwa maji kabla ya kupondwa, na mkipewa vifuniko vya pua vya kweli. Vitabu vyote vinasema hivyo. Ni jambo la... ni jambo la maji tu, mama."

"Maji," alirudia yule mama. Nyuma yake, hatua mia moja, kulikuwa na bomba lililokuwa likimwagilia maua mbele ya ofisi ya meneja. Hakuligeukia. Wote walijua liko wapi. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Haya yangu sikuyaficha mimi. Sasa kifo kikija, kitamuumbua nani?"

Kwa siku tatu walipiga, wakasafisha, wakaanika, wakasoma. Walisoma kwa tahadhari, kila mara wakitanguliza kwamba wao si madaktari. Foleni ya kupigwa picha ikawa fupi kuliko foleni ya kamba. Waliokuwa salama waliambiwa wako salama, nao walifurahi zaidi kuliko walivyotarajia, maana hata habari njema ilikuwa haijawahi kuwafikia. Kila aliyesomewa aliondoka na picha yake chini ya kwapa.

Siku ya nne meneja alikuja na miwani ya jua na fundo la funguo. Alikuta kamba imejaa.

"Nani amewaruhusu kuwasomea watu?"

Kabla vijana hawajajibu, mama mponda kokoto aliuliza kwa upole, kama anayeuliza saa: "Samahani, bwana meneja. Na wewe nani amekuruhusu kusoma kifua changu?"

Meneja alizichambua funguo zake, akachomoa moja, akaenda kupiga simu. Adhuhuri amri ikatoka makao makuu: kazi isimame, lori lirudi, vijana wasiguse kitu. Sanduku la kituo cha nane lilipakiwa limefungwa kufuli vizuri kabisa, na ndani yake hamkuwa na bahasha hata moja. Picha mia moja na kumi na mbili zilikuwa majumbani kwa wenyewe, chini ya magodoro na juu ya makabati.

Kurudi kulipaswa kuchukua siku tatu. Kulichukua nane. Mzee Breki, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, alipotea njia. Alipotea kwa ustadi mkubwa: alipotea hadi kwenye kinu cha unga, akapotea hadi kiwanda cha nguo, akapotea hadi machimbo yale ya kwanza. Kila mahali lori liliharibika kidogo jirani na lango saa wafanyakazi wanapotoka, na vijana wawili wakashuka kunyoosha miguu. Picha za huko zilikuwa zimekwenda zamani, hawakuwa na cha kuwaonyesha watu. Walikuwa na midomo. Waliwaambia: kama unakohoa na ukaandikiwa kwamba kazi imepungua, nenda hospitali ya serikali upigwe tena, na kama bado uko kazini, dai barua yako. Wengine walisikiliza. Wengine waliwaona wendawazimu wawili, mmoja kavaa ndala zisizo zake.

Makao makuu hawakukaribishwa hata kukaa. Walifukuzwa wakiwa wamesimama. Mzee Breki alifukuzwa pia, akakabidhi funguo, akamwambia daktari mkuu kwa adabu zote kwamba sasa barabara aitazame yeye.

Mama yake Vuta Pumzi alimwita kwa lile jina refu, lote, mara mbili. Alikuwa ameshawatangazia wateja mtaa mzima. "Miezi mitatu hukuimaliza! Watu waseme nini?" Binti akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akasimulia tangu ubavu wa kikombe mpaka bomba la maua. Mama aliendelea kushona, akashona, kisha mguu ukasimama juu ya pedali. Alikuwa na dada yake aliyefanya kazi kiwanda cha nguo ujana wake wote, akafa akikohoa, na wao nyumbani walisema amerogwa. Alikata uzi kwa meno, akaenda kumtengea binti yake chakula.

Yaliyofuata hayakuwa ngano ya mwisho mwema kila upande. Baba Pacha alifika hospitali ya serikali na picha yake. Kweli alikuwa na kifua kikuu juu ya makovu ya vumbi. Kifua kikuu kilipona kwa dawa za miezi minane, makovu yakabaki. Hakutoboa mwamba tena. Alijifunza kutengeneza redio, kazi ya kukaa, akaishi miaka kumi na minne akitania wateja, na pacha wakamaliza shule macho yake yakiona. Mama mponda kokoto na wenzake walikusanya picha zao kwenye mfuko mmoja wa saruji, wakazipeleka ofisi ya kazi. Walizungushwa miaka miwili. Mwishowe machimbo yale yakaanza kumwagia mawe maji, na barua za daktari zikaanza kutolewa kwa mwenye kifua. Machimbo ya kwanza, kwa upande wake, yalifungwa, yakafunguliwa tena kwa jina jingine, na vumbi likaendelea kama hakuna kilichotokea. Wale kumi na wanane, Vuta Pumzi aliweza kuwapata saba tu.

Kola alirudi shule, akawa mkaguzi wa usalama kazini. Wenye viwanda wanamchukia kwa moyo wote. Anafika na kanuni mkononi, na kanuni hizo sasa anazipenda zaidi kuliko zamani, maana ameshaona kipi kinaweza kupita kwenye matundu ya kanuni. Watu huuliza kama walioana, yeye na Vuta Pumzi. Hapana. Miezi ile ndani ya lori ilitosha kumjua mtu. Yeye aliolewa na fundi bomba asiye na pasi nyumbani.

Vuta Pumzi mwenyewe aliajiriwa hospitali ya serikali, na sasa ni mkuu wa chumba cha eksrei. Chuo kinamletea wanafunzi kila mwaka wajifunze kwa vitendo. Mkuu wa chuo anapenda wakae palepale, kwenye chumba chenye kiyoyozi na mashine mpya isiyohitaji dawa wala giza. Lakini Vuta Pumzi huomba gari la kliniki ya kutembea, na kila mwaka huambiwa halipo, na kila mwaka hulipata. Huwachukua siku kumi na tano, machimbo kwa machimbo. Hawahutubii. Huwapa daftari na kuwaagiza wamuulize kila mtu wanayempiga picha swali moja: mwaka jana uliambiwa nini?

Jumatatu ijayo wanaondoka kumi na mmoja. Jana mmoja wao, msichana mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau, aliinua mkono akauliza kama huko kuna mtandao.

"Upo, lakini wa kubahatisha," alijibu Vuta Pumzi. "Beba viatu vya kufunga. Na hizo kucha, mama, zipunguze kidogo. Kutakuwa na kazi ya kusukuma gari."